Beji kwanza, gari baadaye: jibu kwa msomaji wa Leicester anayetaka leseni ya teksi

Swali: "Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nilikaa Muscat miaka minne, kisha nikaja Leicester mwaka 2018. Nina ukaazi wa kudumu na leseni kamili ya udereva ya hapa tangu Machi 2019. Nataka kuacha kazi ya ghalani niendeshe teksi. Rafiki yangu anataka kuniuzia Toyota Prius yake ikiwa na bamba la leseni, na ananishauri niombe Wolverhampton kwa kuwa ni haraka na nafuu kuliko hapa. Mchana gari hilo mke wangu atalitumia kupeleka watoto skuli. Nina dosari moja: Oktoba 2021 nilishikwa na simu mkononi, nikalipa pauni 200 na kupewa pointi 6, ila sasa zimefutika. Nizitaje? Kwa sasa huwa nawapeleka wenzetu Heathrow wikiendi kwa pauni 80, wananipata kwa WhatsApp. Nianzie wapi?"

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nitaanza na lile ulilolitaja mwisho kama mtu anayepita tu, kwa sababu ndilo linaloweza kukuharibia yote mengine. Safari za Heathrow zisimamishe wiki hii hii.

Najua jinsi jambo hili linavyoanza. Mwenzetu ana ndege alfajiri, mizigo mingi, treni haifiki kwa wakati, wewe una gari. Mara ya kwanza anakupa ya mafuta. Mara ya tano namba yako imo kwenye makundi matatu ya WhatsApp na bei inajulikana. Hapo umeshakuwa mfanyabiashara wa kusafirisha abiria bila leseni, na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1976, inayotumika Leicester na karibu nchi nzima nje ya London, inalihesabu hilo kuwa kosa la jinai. Na bado hilo ndilo dogo. Kubwa ni bima. Bima yako ya kawaida haifuniki abiria wa kulipa, kwa hiyo kwa safari ile unahesabika huna bima kabisa. Polisi akikusimamisha barabara ya M1, adhabu ya papo kwa papo ni pauni 300 na pointi 6, na gari linaweza kuzuiwa palepale. Ukigonga mtu, usiniulize.

Halafu kuna hili: mtu anayeomba leseni ya kubeba abiria huku ana kosa la kubeba abiria bila bima amejifungia mlango mwenyewe. Mwongozo wa Institute of Licensing, chama cha wataalamu wa utoaji leseni, ambao halmashauri nyingi zimeuchukua, unaweka kosa la bima kwenye kundi la makosa mazito ya barabarani.

Sheria inaruhusu watu kuchangia gharama za safari, lakini kwa masharti: mchango usizidi gharama ya kuendesha gari, na mkubaliane kabla ya kuondoka. Hiyo ni kwa mtu aliyekuwa na safari yake akampakia mwenzake. Wewe Heathrow huna lako. Unaenda kwa sababu umelipwa. Usijidanganye na neno "mchango". (Gari la harusi halihitaji leseni hii wakati linatumika kwa harusi yenyewe. Nalitaja kwa sababu naulizwa kila msimu.)

Sasa tuingie kwenye ombi lenyewe. Uingereza ina aina mbili za gari la abiria wa kulipa na wengi wetu tunazichanganya. Kuna teksi ya stendi, ambayo mizizi yake ni sheria ya mwaka 1847, enzi za magari ya farasi. Hii inasimama kwenye stendi, inapungiwa mkono barabarani, ina mita, na nauli yake ya juu inapangwa na halmashauri. Ya pili ni minikabu, gari la kuagizwa. Hii haichukui mtu barabarani hata kama mvua inamnyea na yuko peke yake. Kila safari lazima iwe imeagizwa kwanza kupitia opereta mwenye leseni. Abiria akifungua mlango wa minikabu yako nje ya klabu saa nane usiku akasema "nipeleke nyumbani", ukikubali umevunja sheria na bima imekatika kwa safari hiyo. Maofisa wa halmashauri hufanya mitego ya namna hiyo, wakivaa kama walevi wa kawaida.

Halmashauri inaweza kuweka kikomo cha idadi ya teksi za stendi kama hakuna upungufu mkubwa kwa wananchi. Minikabu haziwezi kuwekewa kikomo. Ndiyo maana karibu kila Mswahili ninayemjua katika kazi hii alianza na minikabu, na naamini ndicho unachokusudia hata kama umeandika "teksi".

Minikabu ina leseni tatu: ya dereva, ambayo ndiyo beji, ya gari, ambayo ndiyo bamba, na ya opereta, anayepokea maagizo. Leseni zote tatu lazima zitoke halmashauri moja. Dereva wa Leicester, gari la Leicester, opereta wa Leicester. Au Wolverhampton, Wolverhampton, Wolverhampton. Hakuna kuchanganya. Ndiyo maana Prius ya rafiki yako inanitia wasiwasi hata sijaiona. Bamba lake ni la halmashauri gani? Kama ni la Oadby and Wigston au Blaby, ambazo kwako ni mwendo wa dakika chache, lakini kisheria ni mamlaka nyingine, halikusaidii chochote ukiwa na beji ya Leicester. Na hata likiwa la halmashauri unayoitaka, leseni ya gari haizidi mwaka mmoja. Huenda anakuuzia miezi miwili iliyobaki. Kila halmashauri ina masharti yake ya umri wa gari, moshi, rangi ya vioo. Gari lililokubaliwa miaka minne iliyopita linaweza kukataliwa likiombewa upya. Mauziano ya gari lenye bamba yanaruhusiwa, ila muuzaji ana siku 14 za kuiarifu halmashauri kwa maandishi. Bamba lenyewe ni mali ya halmashauri, si la rafiki yako wala lako.

Kwa hiyo usinunue gari sasa. Nimeona watu wamechukua mkopo wa gari la pauni elfu kumi na kitu, limekaa nje ya nyumba likilipiwa kila mwezi, wakati ombi la beji limekwama miezi kwa sababu ya karatasi moja kutoka nje ya nchi. Beji ndiyo inayochelewa na ndiyo inayoweza kukataliwa. Gari unaweza kulipata ndani ya wiki, na kuna kampuni zinazokodisha magari yenye bamba tayari, jambo zuri kwa mtu anayetaka kujaribu kazi kabla ya kujifunga.

Kwa nini beji ni ngumu? Sheria inaitaka halmashauri isimpe mtu leseni mpaka iridhike kwamba ni mtu anayefaa. Mwaka 2020 serikali ilitoa viwango vya kitaifa ambavyo halmashauri zinapaswa kuvizingatia, na ndani yake mna swali moja ambalo mwamuzi anatakiwa kujiuliza. Kwa maneno yangu: je, ungemwacha mtu unayemjali, awe katika hali yoyote ile, apande gari la huyu bwana peke yake, saa yoyote ya mchana au usiku? Kukiwa na mashaka, mashaka hayo hayampi faida mwombaji. Hapa si mahakama ya jinai ambapo upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kuthibitisha. Wewe ndiye unayethibitisha kwamba unafaa.

Ukali huu una historia, na ukiijua hutauona kama chuki dhidi ya wageni. Agosti 2014 ilitoka ripoti ya Profesa Alexis Jay kuhusu mji wa Rotherham. Ilikadiria kwamba watoto wapatao 1,400 walinyanyaswa kingono kati ya mwaka 1997 na 2013, na ikaonyesha jinsi madereva wa teksi walivyohusika katika kuwasafirisha na kuwatumia. Mwaka uliofuata mkaguzi wa serikali, Louise Casey, aliikuta halmashauri ileile imelegea hata katika kutoa leseni. Kila ofisa wa leseni nchini amefundishwa habari hiyo. Unapokaa mbele yake hafikirii kama unajua kona za Narborough Road. Anafikiria binti wa miaka 14 aliyepakiwa na shule kwenda nyumbani.

Viwango vya 2020 vinatoa muda wa kusubiri kwa kila aina ya kosa. Makosa ya kingono: hapewi leseni kabisa. Vurugu na biashara ya dawa za kulevya: miaka 10. Udanganyifu, silaha, kuendesha umelewa: miaka 7. Na kutumia simu mkononi ukiendesha: miaka 5. Hapo ndipo wewe ulipo.

Sikiliza vizuri, kwa sababu hesabu hii imewanasa wengi. Alama ya CU80, ile ya simu, inakaa kwenye rekodi yako ya DVLA, mamlaka ya leseni za udereva, miaka 4. Yako imeondoka Oktoba 2025. Ukitazama rekodi yako sasa ni nyeupe, na mtu atakwambia "nyamaza, hawataiona". Lakini halmashauri haihesabu kwa saa ya DVLA. Miaka yake ni 5, na kwako inatimia Oktoba 2026. Utaniambia faini ya papo kwa papo si hukumu ya mahakama. Kweli, kisheria si hukumu. Lakini mwongozo wa Institute of Licensing niliokutajia unazipima faini hizo sawasawa na hukumu, na fomu nyingi zinauliza wazi: hukumu, maonyo, faini, pointi, za zamani na za sasa. Kazi hii ni kati ya zile zisizofichwa na sheria ya kusahau makosa yaliyopitwa na wakati. Na kusema uongo kwenye fomu, au kuacha kusema jambo la maana kwa makusudi, ni kosa jingine jipya. Dereva mwenye simu moja ya 2021 anasameheka. Aliyeificha simu hiyo ameonyesha kwamba si mkweli, na hilo halina tarehe ya kuisha.

Itaje, basi. Andika tarehe, pointi, na sentensi mbili za ukweli kuhusu ilivyotokea. Usiandike hadithi ya mama mgonjwa kama hakuwa mgonjwa.

Sasa, uombe kabla ya Oktoba au baada yake? Ushauri wangu ni usubiri mpaka tarehe ipite, na sababu yake ni sajili inayoitwa NR3S. Kwa sheria ya mwaka 2022, kila halmashauri ya England inayokataa, kufuta au kusimamisha leseni ya dereva kwa sababu za usalama lazima iandike jina la dereva huyo humo, na kila halmashauri lazima iitazame kabla ya kumpa mtu yeyote leseni. Wajibu huo ulianza Aprili 2023. Kumbukumbu hubaki miaka 11. Kukataliwa mwezi wa Julai kwa jambo ambalo mwezi wa Novemba lisingekuwa tatizo ni hasara ya kujitakia. Kabla ya yote soma sera ya halmashauri yako, iko wazi kwa umma. Kuna zilizo kali kuliko viwango vya taifa, na kuna zinazompa ofisa nafasi ya kupima hali ya mtu.

Wala miezi hiyo haitapotea bure, kwa sababu una kazi kubwa ya karatasi. Aliyewahi kuishi nje ya Uingereza miezi mitatu mfululizo au zaidi anatakiwa alete cheti cha polisi cha nchi hiyo. Kila halmashauri ina kipimo chake cha kurudi nyuma miaka mingapi, na wewe una nchi mbili. Cha Tanzania hutolewa na Jeshi la Polisi kwa alama za vidole. Cha Oman hutolewa na polisi wa huko, na ukiwa umeshaondoka nchini hilo huchukua subira. Uliza ubalozi wao wa London utaratibu ulivyo leo kabla hujamtumia pesa jamaa yeyote wa Muscat. Kama cheti kimeandikwa kwa Kiarabu kitahitaji tafsiri iliyothibitishwa.

Na hapa kuna mtego wa watu wa Unguja waliopitia Ghuba: majina. Pasipoti ya Tanzania ina majina matatu, kitambulisho cha Oman kina "bin" na ukoo, leseni ya DVLA imekula jina la kati, na tahajia ya Kiarabu imegeuza "Khamis" kuwa "Khamees". Ofisa wa leseni akikuta maandishi manne tofauti anaona watu wanne. Andaa kiapo kwa wakili kinachosema majina yote ni ya mtu mmoja, na kwenye fomu ya DBS orodhesha kila jina ulilowahi kutumia.

DBS ni uchunguzi wa rekodi ya jinai wa hapa. Unahitaji ule wa ngazi ya juu pamoja na orodha za waliozuiwa kufanya kazi na watoto na watu wazima wanyonge. Tangu Desemba 2024 gharama yake ni pauni 49.50. Cheti kikitoka, una siku 30 tu kujiandikisha kwenye huduma ya kukihuisha, pauni 16 kwa mwaka. Halmashauri inakupima tena kila baada ya miezi sita, na huduma hiyo inaiwezesha kufanya hivyo bila kukusumbua. Ukizikosa siku 30 unaanza upya na kulipa upya. Sijui kwa nini hawaandiki jambo hili kwa herufi nyekundu.

Ukaazi: kwako ni rahisi, utatoa msimbo wa kushirikisha (share code) kutoka kwenye hesabu yako ya viza ya kidijitali, maana zile kadi za plastiki zilikwisha muda mwishoni mwa 2024. Kwa wasomaji wenye viza ya muda, beji haitazidi tarehe ya viza. Mwenye viza ya mwanafunzi asijisumbue, kwani haruhusiwi kujiajiri, na madereva wengi wa minikabu hufanya kazi hii kwa kujiajiri. Leseni yako ya udereva nayo haina tatizo. Sheria inataka uwe umeishika angalau mwaka mmoja, ingawa baadhi ya halmashauri zinataka zaidi.

Yanayobaki utayapita ukijiandaa. Uchunguzi wa afya ni wa kiwango cha madereva wa malori na mabasi, ufanywe na daktari aliyeona faili lako. Kuna mtihani wa Kiingereza, mafunzo ya kulinda watoto na watu wanyonge, na kwa halmashauri nyingi mtihani wa sheria, njia na uendeshaji. Usidharau Kiingereza kwa kuwa umekaa hapa miaka mingi. Wanaoanguka wengi si kwa kuzungumza, ni kwa kusoma swali refu la masharti na kuandika jibu. Beji ikitoka, kawaida ni ya miaka mitatu.

Tuje Wolverhampton. Rafiki yako hakudanganya. Kisheria unaweza kuishi Leicester, ukaombea Wolverhampton, ukafanya kazi Leicester, mradi leseni zako zote tatu ni za kule. Wengi wamefanya hivyo; Wolverhampton imetoa leseni za minikabu kwa madereva wengi kuliko halmashauri yoyote nyingine nje ya London, na magari yenye bamba lake utayakuta Manchester, Birmingham, hata mitaani kwako. Sheria ya mwaka 2015 ilirahisisha mambo zaidi ilipowaruhusu maopereta kupeana safari kuvuka mipaka ya halmashauri.

Lakini mimi nisingekwenda. Kwanza, ugumu wako hauko kwenye ada wala foleni. Uko kwenye simu ya 2021 na vyeti vya Muscat, na hayo utayakuta Wolverhampton vilevile. Viwango vya taifa ni vilevile, NR3S ni ileile. Pili, opereta lazima awe na leseni ya kule. Programu kubwa za simu zinazo, lakini kampuni ya mtaani kwako Leicester, yenye wateja wa hospitali, wazee na mikataba ya shule, mara nyingi ina leseni ya Leicester tu. Ukiwa na bamba la mbali umejifungia kwenye programu moja au mbili, na siku wakipunguza nauli huna pa kugeukia. Tatu, upepo wa siasa umegeuka. Juni 2025 Louise Casey yuleyule, sasa Baroness Casey, aliitaka serikali kukomesha teksi za nje ya eneo, na serikali ikakubali kuziba pengo hilo na kuleta viwango vya lazima vya taifa. Andy Burnham, akiwa Meya wa Greater Manchester, aliupiga vita mfumo huu kwa muda mrefu. Kununua gari kwa ajili ya bamba la mji usiouishi, wakati wenye mamlaka wanatangaza kwamba wanataka kuufunga mlango huo, ni kamari ambayo nisingekushauri uicheze kwa pesa za mkopo. Halafu ukiitwa ukaguzi wa gari au mbele ya kamati, safari ni yako.

Ukichagua opereta, uliza wanakulipa vipi. Kampuni nyingi za mtaani hutoza dereva ada ya kila wiki awe amefanya kazi au hakufanya. Programu hukata asilimia kwa kila safari. Fahamu pia kwamba Februari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi ile walikuwa wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Hukumu hiyo haikuenea yenyewe kwa kila kampuni, lakini imebadilisha mikataba mingi. Soma wako.

Shemeji na safari za skuli: hapana. Hili huwashtua watu. Nje ya London, gari likishapata bamba la minikabu ni minikabu saa zote, hata siku ya Idi, hata likiwa na watoto wako watupu ndani. Mahakama Kuu ililiweka wazi jambo hili mwaka 1997 katika kesi ya Benson na Boyce: anayeendesha gari lenye leseni lazima awe na beji, iwe amebeba abiria au hakubeba. Shemeji akilipeleka skuli bila beji, yeye ana kosa na wewe uliyemwachia una kosa, na bima ina shaka. Ama naye aombe beji, na wapo akina mama wanaofanya hivyo, wanatafutwa sana kwa safari za wanafunzi wa kike. Ama mbaki na kigari cha pili. Liingize kwenye hesabu zako sasa, kabla hujajiridhisha kwamba Prius moja itatosha nyumba nzima.

Jambo jingine hukuliuliza, lakini nitalisema kwa sababu linaweza kuwapokonya beji ndugu zetu Waislamu. Mbwa wa kuongoza kipofu. Sheria ya usawa ya 2010 inakutaka umchukue abiria pamoja na mbwa wake wa msaada, bila nyongeza ya nauli. Faini ya kukataa hufika pauni 1,000, na mara nyingi halmashauri huifuatilia na beji pia. Udhuru unaokubalika ni wa kiafya tu, mfano pumu au mzio, tena kwa cheti cha msamaha kilichotolewa na halmashauri kabla ya safari na kikiwa kimebandikwa garini. "Dini yangu hairuhusu" si udhuru. Mbwa hukaa miguuni pa mwenyewe, amefunzwa kutulia. Weka shuka nyuma ya gari na chupa ya maji, mambo ya udhu na twahara muulize sheikh wako, lakini yamalizike kabla ya siku ya kwanza kazini. Vyama vya wasioona hupeleka watu wa kujaribu, na wanarekodi.

Ukishapata beji, kuna mambo mawili ya tarehe ambayo watu huyasahau. Ukikamatwa na polisi, kushtakiwa au kuhukumiwa kwa kosa la ngono, vurugu, udanganyifu au barabarani, una saa 48 kuiarifu halmashauri. Hata mwendo kasi umo. Na gari likigongwa kiasi cha kuathiri usalama, mwonekano au raha ya abiria, una saa 72.

Kodi: jiandikishe HMRC, mamlaka ya kodi, kama aliyejiajiri kabla ya tarehe 5 Oktoba inayofuata mwaka wa kodi ulioanza kazi. Tangu Aprili 2022 beji haihuishwi England na Wales bila namba ya uthibitisho kutoka HMRC kwamba umejisajili kulipa kodi. Weka risiti za mafuta, bima, ada na uoshaji tangu siku ya kwanza.

Ombi likikataliwa, utapewa sababu kwa maandishi na siku 21 za kukata rufaa mahakama ya mahakimu. Rufaa ina gharama na ukishindwa unaweza kubebeshwa za halmashauri, kwa hiyo tafuta wakili wa leseni akutazamie sababu zile kwanza, na akiona huna hoja umsikilize.

Mpangilio wako, basi, kwa hali uliyonayo: Heathrow simama leo. Wiki hii anza cheti cha Oman, kwa kuwa ndicho kitakachokawia, kisha cha Tanzania, ila usikitangulize mno, maana halmashauri hukataa cheti cha polisi kilichokaa muda mrefu. Soma sera ya Leicester na uwapigie simu kitengo cha leseni uwaulize kuhusu CU80 ya 2021. Hawang'ati, na jibu lao liandike na tarehe. Mtihani wa Kiingereza na mafunzo, kama wanaruhusu kabla ya kuomba, vifanye kiangazi. Ombi na DBS baada ya Oktoba. Opereta baada ya beji, na gari baada ya opereta, tena baada ya kupata bei ya bima ya minikabu kwa jina lako na posti kodi yako, kwa sababu dereva mpya wa Leicester anaweza kutajiwa bima itakayomfanya aikimbie Prius yoyote ile.

Na rafiki yako akikuhimiza utoe amana ya gari mwezi huu kwa sababu "kuna mtu mwingine anaitaka", mwache huyo mwingine aichukue.